Kampuni inaumwa wapi: dalili, chanzo na pa kuanza kukagua

Kipindi hicho nilikuwa stoo kipa kwenye ghala moja la baridi hapa Tanga, samaki na kuku wa kugandishwa, jina silitaji maana sina nia ya kumuumbua mtu. Mlangoni mwa chumba cha baridi kulikuwa na rejista, kila baada ya masaa manne mtu wa zamu anasoma kipimo, anaandika nyuzi, anasaini. Chumba kinatakiwa kikae -18. Siku mzigo ulipoyeyuka tukaifungua ile rejista mimi na bosi, kurasa tatu nzima zimeandikwa -18, -18, -18, peni moja ya bluu, mwandiko mmoja, mpaka yale masaa ya usiku ambayo umeme ulikatika na Ngamiani nzima inakumbuka ulikatika. Bosi akafunga daftari akasema hawa watu wa Pwani wavivu, hawana uchungu na mali ya mtu.

Nikanyamaza, na hilo mpaka leo linaniuma, kwa sababu mimi nilikuwa najua. Miezi miwili nyuma kijana wa zamu ya usiku aliandika -9. Akampigia supavaiza saa nane usiku. Asubuhi akaambiwa yeye ndo kaacha mlango wazi, akasemwa mbele ya vibarua, mwisho wa mwezi akakatwa mshahara. Toka siku ile hakuna mtu aliyeandika -9 tena pale.

Watu wengi wakisikia utamaduni wa kampuni wanawaza tisheti za sare, keki za bethdei na kile kibao cha ukutani kimeandikwa UADILIFU, UBUNIFU, KUJALI MTEJA. Mi nikisema utamaduni naongelea kitu kimoja: watu wamejifunza nini kuhusu kitakachowapata wakifanya jambo fulani. Na hawajifunzi kwenye semina, wanajifunza kwa kumwangalia mwenzao yaliyomkuta. Naandikia wenye biashara na pia sisi tulio katikati, masupavaiza, wahasibu, wakuu wa vitengo, maana sisi dalili tunaziona mapema na lawama inatufikia mapema vilevile. Nimepanga kwa dalili, tafuta ya kwako, ukakague kwa macho yako kabla hujaitisha kikao.

Kwanza hakikisha sio njaa

Kabla hujasema utamaduni wetu mbovu, angalia mambo ya kawaida kabisa. Mshahara unatoka tarehe yake? Unamtosha mtu kulipa chumba Makorora au Mabawa na kula mpaka mwisho wa mwezi? Ovataimu inalipwa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka masaa 45 ya kawaida kwa wiki, na ovataimu ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, sasa kama watu wako wanapiga masaa 60 na unawapa chai na andazi, usianze kutafuta tatizo kwenye mioyo yao. Mashine je, ni nzima? Kuna jamaa alilalamika vijana wake hawapigi kazi, kwenda kuangalia toroli la kubebea mzigo lina gurudumu moja bovu toka Ramadhani iliyopita, wanabeba kwa mabega.

Mtu ambaye hajalipwa miezi miwili akiuza maboksi tupu ana njaa, na njaa dawa yake inajulikana. Ukishajiridhisha kwamba hayo yako sawa na bado mambo hayaendi, endelea kusoma.

Kitu kimoja cha kukusaidia kukagua. Kulikuwa na profesa wa MIT kule Marekani, Edgar Schein, amefariki 2023, yeye aliuona utamaduni wa taasisi kama kitu chenye tabaka tatu. Ya juu ni yale unayoyaona ukiingia tu: ofisi, sare, nani anakaa wapi, nani anaitwa mzee. Ya kati ni yale kampuni inayoyasema yenyewe, ndo vile vibao vya ukutani. Ya chini kabisa ni yale ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyasema, mfano "bosi haambiwi hapana" au "mgeni akija na wazo jipya mwache aumie mwenyewe atatulia". Hiyo ya chini ndo inaendesha kampuni. Ukitaka kuiona, tafuta sehemu ambapo kibao kinasema hivi na watu wanafanya vile, hapo simama, hapo ndo pa kuuliza maswali.

Dalili: habari mbaya unazisikia kwa mteja

Mwenye duka wa Muheza anakupigia mzigo umefika umelowa, kumbe dereva wako aliona turubai limechanika tangu Pongwe na hakusema. Au benki inakwambia cheki imerudi na mhasibu alijua toka juzi. Au kikao kinaisha, wote "tumeelewa bosi", halafu jioni kwenye lile grupu la WhatsApp ambalo wewe haumo ndo wanaongea kikao chenyewe. Hii nitakaa nayo sana kwa sababu kwa niliyoyaona mimi, nyingine karibu zote zinaanzia hapa.

Kukagua: chukua watu watano, mmoja mmoja, nje ya ofisi ikibidi, waulize, mara ya mwisho mtu kuja mwenyewe kusema nimeharibu ilikuwa lini, na nini kilimpata? Wakikutajia jina la mtu na ukasikia alisemwa, alikatwa, alihamishwa kituo, umeshapata jibu. Wakikwambia hawakumbuki mtu yeyote, hilo ni baya zaidi, maana hakuna sehemu watu wanafanya kazi bila kukosea, ina maana wamekubaliana kimyakimya kwamba funika kombe mwanaharamu apite.

Na usidanganyike na rekodi safi. Kuna mtafiti wa Harvard anaitwa Amy Edmondson, miaka ya 1990 alikuwa anaangalia makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali Marekani, akitegemea timu zenye uongozi mzuri na maelewano ziwe na makosa machache. Namba zikamjia kinyume, timu nzuri ndo zilionyesha makosa mengi. Alipofuatilia akagundua kwamba kule kwenye timu nzuri watu walikuwa wanasema makosa yao, wanayajadili, wanarekebisha, na kule kwa wakali watu wanaficha. Yaani ile wodi yenye karatasi safi huenda ndo yenye hatari kwa mgonjwa. Niliposoma hilo nilikumbuka ile rejista yetu moja kwa moja.

Chanzo kikubwa hapa kwetu ni kukata mshahara. Wenye biashara wengi wanaamini ukimkata mtu atakuwa makini, na mimi nawaambia unachopata ni ukimya. Mtu akijua kreti moja ikivunjika analipa yeye, hataacha kuvunja kwa sababu mikono ni mikono, atajifunza kuificha chini ya nyingine mpaka ifike kwa mteja. Halafu kisheria pia huwezi kukata tu kwa hasira. Ile sheria ya 2004 inataka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi na ulivyokokotoa, na apewe nafasi ya kujitetea. Kwenye ghala letu hakuna hata kimoja kilichofanyika.

Chanzo kingine ni supavaiza anayechuja. Vijana wanasema, yeye anaona akifikisha juu ataonekana kashindwa kazi, anakaa nayo. Bosi anadhani hakuna tatizo, vijana wanadhani bosi anajua na hajali. Nimeona watu wanachukiana miaka miwili kwa sababu ya mtu mmoja wa katikati ambaye wala hana roho mbaya, anaogopa tu.

Halafu kuna la heshima. Sisi huku kijana hamkosoi mzee mbele za watu, na sitaki mtu aje aniambie tuitupe heshima ili tuwe wa kisasa. Heshima haina shida, shida ni kuipangia kikao vibaya. Ukianza kuongea wewe bosi, halafu mzee fulani akakuunga mkono, unategemea kijana wa miaka 22 aseme nini? Geuza mpangilio. Aanze mgeni kuliko wote, wewe uwe wa mwisho. Au mpe kila mtu kikaratasi kabla ya kikao aandike jambo moja linalomsumbua, bila jina, visomwe vyote. Mara ya kwanza utapata vikaratasi vitupu na kimoja kimeandikwa choo kichafu. Safisha choo siku hiyohiyo, maana wanakupima, kile cha choo ndo mtihani wako.

Sasa kurekebisha. Sehemu niliyopo sasa nilimwomba mwenye mali kitu kimoja tu, nikamwambia nipe miezi mitatu: mtu akileta taarifa ya hasara yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, hakatwi na hasemwi mbele ya wenzake. Akificha tukaja kugundua, hapo utaratibu wa kawaida wa nidhamu unafuata. Na akiiba ni mwizi, huyo hatumjadili hapa. Mwenye mali akaguna akasema watatumaliza, nikamwambia mzee wanatumaliza sasa hivi ila hatuwaoni. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya, nikaanza kuogopa. Wiki ya tatu binti wa mapokezi ya mzigo akaja saa tatu asubuhi anatetemeka, kasaini katoni 140 kumbe zimeshuka 128, dereva keshaondoka. Mwenye mali alikuwepo. Nilimwona anavuta pumzi. Akamwambia asante kwa kuniambia mapema mwanangu, gari liko wapi saa hizi? Tukapiga simu, gari lilikuwa Segera, dereva akahesabu, katoni zetu 12 zilikuwa zimechanganywa na mzigo wa kituo kingine. Mchana ule watu wote kumi na tisa walijua kilichompata yule binti, na wala hakuna aliyeitisha kikao kuwatangazia.

Utaona ile sentensi ya mzee ndo imefanya kazi yote. Dakika ya kwanza baada ya mtu kukuletea habari mbaya ndo unapoandika sheria halisi ya kampuni yako, uso wako ukikunja tu wameshasoma. Maswali ya ilikuwaje yaulize, ila yaulize baada ya kuokoa mzigo.

Dalili: tageti zinafikiwa kila mwezi lakini hela haionekani

Rafiki yangu ni mhasibu kwenye kampuni moja ya usambazaji. Kila tarehe 30 bodi inapiga makofi. Yeye akaanza kuangalia kadi za gari, akaona gari linapandisha Lushoto limejaa tarehe 29, tarehe 4 linashuka na katoni zilezile, dizeli ya kwenda na kurudi mlima mzima. Wauzaji walikuwa wanawaomba wenye maduka wapokee mzigo kwa mkopo wa siku tano ili mwezi ufungwe na namba nzuri, na bonasi ilikuwa inalipwa kwa kilichotoka ghalani.

Kukagua ni rahisi: chukua mzigo uliorudi kati ya tarehe 1 na 10 ya kila mwezi, uweke pembeni ya mauzo ya siku tano za mwisho za mwezi uliopita. Kama vinafanana, hamjauza, mmeupeleka mzigo kutembea.

Hili sio la Tanga wala la umasikini. Wells Fargo, benki kubwa ya Marekani, mwaka 2016 ilipigwa faini ya dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanawafungulia wateja akaunti na kadi ambazo wateja hawakuziomba, makadirio ya mwanzo yalifika akaunti kama milioni 2. Lengo la benki lilikuwa kila mteja awe na huduma nane. Wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wamefukuzwa, na 2020 benki ikakubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza uchunguzi wa serikali. Sasa watu elfu tano na zaidi huwezi kuniambia wote walizaliwa wajanja wajanja wakakutana benki moja. Tunasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ile aliifunga mwenye benki.

Rekebisha kwa kubadili unacholipia. Bonasi ilipwe kwa hela iliyoingia, mzigo uliorudi utolewe. Na kabla hujatangaza tageti yoyote waite wauzaji wako, waulize bila hila, mtu mvivu angefikiaje hii namba bila kufanya kazi? Watakwambia wanacheka, maana wanazijua njia zote, na wewe utaandika.

Dalili: utaratibu umeandikwa na hakuna anayeufuata

Sikia maneno ya watu. Ukisikia "siku zote tunafanya hivi na hakuna kilichotokea", shtuka hapohapo. Mtu wa kwanza kuruka hatua alikuwa na sababu, mvua, foleni, funguo iko kwa fulani. Haikutokea kitu. Wa pili akaruka bila sababu. Mgeni aliyeajiriwa baadaye akafundishwa kuruka kama ndo utaratibu wenyewe, na huyo hajui hata kama kuna hatua imerukwa.

Januari 28, 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa. Tatizo lilikuwa mipira ya kuziba kwenye maungio ya roketi, na mipira ile ilikuwa imeonyesha kuungua kwenye safari kadhaa kabla ya hapo, kila safari iliyorudi salama ikawapa moyo kwamba inavumilika. Usiku wa kuamkia siku ile wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walisema baridi imezidi, tusirushe. Hawakusikilizwa. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliyechunguza baadaye akaonyesha kwamba hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuvunja sheria, walizoea kidogo kidogo mpaka lisilo kawaida likawa kawaida.

Na kwetu tunalo la karibu zaidi, linauma. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, Ukara. Kivuko cha watu 101, na waliofariki peke yao walizidi 220. Sina haja ya kuongeza neno juu ya marehemu, ila naamini kivuko hakianzi kubeba mara mbili ya uwezo wake siku kinapozama.

Cha kufanya, usiongeze karatasi. Tembea na utaratibu wako mkononi zamu moja nzima, usiku kama kuna usiku, angalia kipi kinarukwa, uliza kwanini. Nusu ya vinavyorukwa utakuta havina maana, vifute mbele yao. Vilivyobaki sema hivi havirukwi hata kama mteja anasubiri nje, na siku wewe mwenyewe una haraka ya gari litoke, ngoja hatua iishe. Wanakuangalia wewe siku hiyo.

Dalili: kila kitu kinamsubiri bosi

Bosi akipanda basi pale Kange kwenda Dar, ofisi inalala. Mteja anataka punguzo la elfu mbili, "subiri bosi". Taa imeungua, subiri bosi. Na bosi akirudi analalamika hawa watu hawajitumi, mpaka niwepo mimi.

Mi naona kwetu Tanga hili lina mizizi ndefu na ni vizuri tuliseme. Mji huu umekuzwa na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida 1893, ikafika hai 62, ikapandwa upande wa Pangani, baada ya hapo mkoa mzima ukawa mashamba. Na shambani kazi ilikuwa kwa kipande, kadi yenye siku 30, unamaliza kazi uliyopimiwa inatiwa alama, ukijaza siku zako 30 ndo unalipwa. Pale hakuna mtu anamuuliza mkata mkonge anaonaje. Kizazi baada ya kizazi watu wamefundishwa kwamba kazi ni kumaliza ulichopimiwa, kufikiri ni kwa msimamizi. Halafu leo mtu anasema watu wa hapa hawajitumi. Nani aliwahi kuwalipa kwa kujituma?

Na wafanyakazi wa nchi hii wakipewa nafasi ya kusema wanasema. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipotamka kwamba ni mwiko kwa kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, wafanyakazi wa viwandani waliichukua ile ibara ya 15 wakaanza kuwahoji nayo mameneja wao, migomo ikawa mingi kiasi kwamba serikali yenyewe ilishtuka. Walikuwa na la kusema siku zote, walikuwa hawajapewa ruhusa.

Kukagua: muulize mtu wa kaunta, unaweza kuamua kiasi gani bila kumuuliza mtu? Akisema sifuri, usimlaumu kwa kusubiri. Mpe kiasi, elfu kumi, elfu ishirini, kwa maandishi, aandike alichofanya na kwanini. Atakosea. Rudi kule kwenye dalili ya kwanza uone utamjibu vipi akikosea.

Dalili: majungu

Hii fupi. Majungu yanaota pale maamuzi yanapofanyika gizani. Nani kapandishwa, nani kapewa safari, kwanini fulani kaongezewa na mwingine hapana. Watu wasipopewa sababu wanatengeneza yao, na wanayotengeneza siku zote ina fitna ndani. Toa sababu mapema hata kama haipendezi. Na anayekuja ofisini kwako kumsema mwenzake, mwambie twende tukamwite tuongee wote watatu. Atarudi mara moja tu tena.

Dalili: unabadilisha watu, tabia inabaki

Umefukuza timu nzima ya stoo, umeleta vijana wapya kutoka chuo, miezi sita wamekuwa walewale. Wenye biashara wanapenda ile methali ya samaki mmoja akioza, wakatafuta samaki wa kutupa. Mi nasema angalia maji ya kwenye tenga.

Mfano ambao kila mwenye kampuni angepaswa kuujua: General Motors walikuwa na kiwanda cha magari Fremont, California, kilikuwa na sifa mbaya, utoro, ulevi kazini, magari yanatoka na kasoro, wakakifunga 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa ni wafanyakazi walewale wa zamani, chama kilekile cha wafanyakazi. Baada ya muda mfupi kikawa kati ya viwanda vyenye ubora mkubwa kabisa wa GM, na utoro ukaporomoka. Watu walewale! Kati ya vilivyobadilika ni kamba iliyopita juu ya mstari wa kuunganishia magari, mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja mbio kumsaidia, isipotatuliwa mstari unasimama. Zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa la kukufukuzisha kazi. Sasa limekuwa wajibu wako na mtu anakuja kukushukuru.

Lakini msinielewe vibaya, kamba yenyewe haina uchawi. GM walipojaribu kupeleka mtindo huo kwenye kiwanda chao cha Van Nuys, kamba ziliwekwa, ila mameneja bado walikuwa wanapimwa kwa idadi ya magari yanayotoka, hawakutaka mstari usimame, watu wakaogopa kuvuta. Ndo kama mtu kununua boksi la maoni akalitundika mlangoni pa bosi. Kwahiyo kabla hujaajiri mtu mpya, jibu hili kwanza: huyu akija na akaona kasoro siku yake ya tatu kazini, atavuta nini, nani atakuja, na atamwambiaje?

Kama mwenye kampuni mwenyewe hataki

Hili naulizwa sana na watu wa katikati. Umeona dalili, umesema kwa adabu, umejibiwa hapa kazi tu. Unaweza kubadilisha kitengo chako, hata kama ni watu wanne. Kile nilichoeleza cha kuleta taarifa ya hasara siku hiyohiyo unaweza kukifanya kwenye stoo yako bila kibali cha bodi, kwa kusimama wewe mbele pale mtu wako anapotaka kusemwa. Utaumia kidogo, najua. Ningesimama siku ile na kusema nani aliandika -9 na nini kilimpata, labda ningefukuzwa, ila yule kijana asingebeba peke yake.

Na jilinde. Kila taarifa unayotoa ya hatari au hasara iandike, barua pepe au hata ujumbe wa simu, weka nakala yako yenye tarehe. Usisaini rejista usiyoijaza wewe, hata ukiambiwa ni kwa ajili ya ukaguzi wa kesho. Ukiachishwa kazi na ukaona umeonewa, malalamiko yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda ni siku 30 tangu kuachishwa, kwa madai mengine ni siku 60, watu wengi wanapoteza haki kwa kukaa nyumbani wanasubiri bosi apoe. Beba barua ya ajira, hati za mshahara, na zile nakala zako.